Nyambizi, distroya na shambulio la kushtukiza: kufumbua sheria za bahari katika Axis & Allies 1942

Ugomvi mwingi kwenye meza ya Axis & Allies, mchezo wa ubaoni wa Vita vya Pili vya Dunia, hauanzii nchi kavu. Unaanzia baharini, pale mmoja anaposema nyambizi yake inapita na mwenzake anasema haipiti; au dadu zimesharushwa ndipo mtu anakumbuka kwamba nyambizi ilitakiwa kutangulia. Majibu yamo kwenye kitabu cha sheria, ila yametawanyika: mengine kwenye kurasa za mwendo, mengine kwenye vita vya baharini, mengine kwenye maelezo ya kete moja moja. Makala hii inashughulika na toleo la pili la Axis & Allies 1942, lililotoka mwaka 2012. Kama sanduku lenu ni la zamani, msibishane kabla ya kuangalia mwaka. Sababu inaelezwa mbele.

Ukishika jambo moja, mengine yanajipanga yenyewe. Karibu kila sheria ya nyambizi huzunguka swali hili: je, hapa kuna distroya ya adui? Distroya ni ile manowari ndogo yenye mbio, mwindaji wa nyambizi. Na swali hilo huulizwa kwa nyakati mbili tofauti, kwanza unaposogeza kete, kisha tena mwanzoni mwa kila raundi ya vita. Anayechanganya nyakati hizo mbili ndiye anayekosea.

Kabla ya yote, mpangilio wa zamu. Mchezaji hununua kete, halafu hufanya mwendo wa vita, halafu vita vyenyewe, halafu mwendo usio wa vita, halafu huweka ubaoni kete alizonunua, na mwisho hukusanya mapato. Hatua ya pili na ya nne ndizo za mwendo, na sheria zake si sawa. Miendo yote ya vita huhesabiwa kuwa imefanyika kwa pamoja, kabla dadu hata moja haijarushwa. Huwezi kupiga vita vya kwanza, ukaona matokeo, kisha ukaamua kete nyingine iende wapi kupigana.

Nani anafunga njia, nani hafungi

Meli zote husogea maeneo mawili ya bahari kwa zamu. Eneo huwa la uadui likiwa na manowari ya adui inayoelea juu ya maji: distroya, kruza (manowari ya ukubwa wa kati), meli ya kubeba ndege au manowari kubwa. Meli zako zikiingia eneo la namna hiyo kwenye mwendo wa vita, safari inaishia hapo na vita vinafuata. Kwenye mwendo usio wa vita haziruhusiwi hata kuingia.

Nyambizi ya adui peke yake hailifanyi eneo kuwa la uadui. Meli ya uchukuzi peke yake nayo hailifanyi. Hapa ndipo wachezaji wapya wanapopoteza pesa: wanaweka nyambizi ya IPC 6 (IPC ndiyo pesa ya mchezo) katikati ya njia wakidhani wamefunga mlango, kisha wanashangaa jeshi zima la majini la adui likipita juu yake bila kusimama. Nyambizi haizuii mtu. Ukitaka kufunga njia, weka distroya ya IPC 8. Ndiyo manowari ya juu ya maji yenye bei ya chini kuliko zote, na kwa kazi ya kuzuia inatosha sawa na manowari kubwa ya IPC 20.

Chukua maeneo matatu yaliyopangana, tuyaite A, B na C. Meli za Japani ziko A, zinataka kupiga meli za Marekani zilizo C. Marekani ameacha distroya moja B. Japani hawezi kutuma kruza moja imalize distroya ile huku zingine zikipita kwenda C kupigana, maana miendo yote ya vita ni ya wakati mmoja na wakati huo B bado ni ya uadui. Kila meli inayokwenda upande ule itaishia B. Distroya itazama, karibu bila shaka, lakini jeshi la Marekani kule C limenunua zamu nzima kwa IPC 8.

Kuna tundu dogo ambalo mchezaji mzoefu hulitumia. Distroya ikishazamishwa, B inakuwa eneo la kirafiki kabla ya mwendo usio wa vita kuanza. Meli za Japani zilizobaki A bila kusogea wala kupigana zinaweza sasa kupita B na kuingia C, mradi meli za Marekani zilizo C ni nyambizi au za uchukuzi tu, si manowari za juu ya maji. Hazitapigana, ila zitakuwa zimefika. Kwa hiyo unapoweka kizuizi, jiulize pia unazuia nini: shambulio au msogeo. Distroya moja huzuia shambulio kwa uhakika, lakini msogeo huuzuia tu ikiwa haitazamishwa.

Kwa nyambizi mambo hugeuka. Yenyewe hupita katikati ya kruza, manowari kubwa na meli za kubeba ndege kana kwamba hazipo, iwe mwendo wa vita au usio wa vita. Inaposimama ni pale tu inapoingia eneo lenye distroya ya adui. Hapo mwendo wake umekwisha, na kama ni mwendo wa vita, itapigana. Kwa maneno mengine, kruza ya IPC 12 haiwezi kuzuia nyambizi lakini distroya ya IPC 8 inaweza. Ndiyo maana kundi la meli kubwa lisilo na distroya ni kundi linalopitika.

Linganisha na nchi kavu. Kifaru kina hatua mbili, na kinaweza kupita eneo la adui lisilo na kitu, kulitwaa, na kuendelea hatua ya pili katika mwendo huohuo wa vita. Askari mmoja wa miguu wa IPC 3 anatosha kukisimamisha. Hata mzinga wa kutungua ndege, ambao hauna nguvu yoyote dhidi ya kifaru, unakisimamisha, na kiwanda pia. Mantiki ni ileile ya distroya: kinachohesabika ni kuwepo, nguvu si hoja.

Ndani ya vita: nani anarusha dadu kwanza

Mkishafika kwenye vita, kila raundi huanza na hatua ya nyambizi. Ikiwa upande wa pili hauna distroya katika vita hivyo, kila nyambizi ina njia mbili: kushambulia kwa kushtukiza au kuzamia. Mshambuliaji huamua kwanza kuhusu nyambizi zake, mlinzi hufuata. Nyambizi iliyozamia hutoka vitani; haipigi, haipigwi, na hubaki katika eneo lilelile.

Zinazobaki hurusha dadu kabla ya wengine. Nyambizi inayoshambulia hupiga kwa 1 au 2, yaani dadu ikitoka namba hiyo, pigo limepata. Inayolinda hupiga kwa 1 tu. Meli iliyopigwa katika hatua hii huondolewa ubaoni papo hapo, haipati nafasi ya kujibu. Hilo ndilo shambulio la kushtukiza, na hurudiwa kila raundi, si ile ya kwanza peke yake.

Kuna jambo linalosahaulika. Pande zote mbili zikiwa na nyambizi na hakuna yenye distroya, nyambizi za mshambuliaji na za mlinzi hupiga katika hatua hiyohiyo. Nyambizi ya mlinzi iliyopigwa na nyambizi ya mshambuliaji bado inarusha dadu yake kwanza, ndipo wote waliopigwa waondolewe. Kushtukiza kunawanyima jibu wale wanaopiga baadaye; hakumnyimi mwenzako aliye chini ya maji kama wewe.

Distroya moja ya adui ikiwepo, hayo yote yanafutika. Nyambizi haziwezi kuzamia, haziwezi kutangulia; zinapiga pamoja na meli nyingine, na zilizopigwa zinajibu. Idadi haina maana hapa. Distroya moja inafuta uwezo wa nyambizi kumi. Watu waliozoea michezo mingine hudhani kila distroya hufuta nyambizi moja. Katika toleo hili sivyo.

Tazama hesabu zinavyobadilika. Nyambizi moja ikishambulia kruza iliyo peke yake, nyambizi hupiga theluthi moja ya mara, na kruza hujibu kwa 3 au chini, yaani nusu ya mara, lakini hujibu tu ikiwa imekoswa. Mkipigana mpaka mwisho, nyambizi ya IPC 6 ina nafasi sawasawa, asilimia 50, ya kuizamisha kruza ya IPC 12. Ongeza nyambizi ya pili, sasa gharama ni sawa, 12 kwa 12. Nafasi ya kushinda inapanda hadi 6 katika 7, kama asilimia 86, na mara 5 katika 7 hupotezi hata nyambizi moja. Sasa weka distroya mahali pa kruza ile: nyambizi moja dhidi ya distroya moja hushinda mara 40 katika 100, hushindwa mara 40, na mara 20 zote mbili huenda chini. Meli ya bei ndogo inailinda bahari vizuri kuliko meli ya bei kubwa, kwa sababu tu inapata kujibu.

Panapokuwa na mchanganyiko ndipo panahitaji kufikiri. Ujerumani anashambulia kwa nyambizi 3, Uingereza ana kruza 1 na distroya 1. Raundi ya kwanza ni ya kawaida kwa sababu distroya ipo. Tuseme kila upande umepata pigo moja: zimebaki nyambizi 2, na Mwingereza lazima aondoe meli moja. Mkono wa wengi hukimbilia distroya, maana kruza ni ghali. Lakini distroya ikiondoka, raundi ya pili inaanza na nyambizi zenye uwezo wote: zinashtukiza, au zinazamia na kujiokoa. Distroya hukaguliwa mwanzoni mwa kila raundi. Ile iliyozama raundi iliyopita haihesabiwi tena.

Hesabu ya pande zote mbili ni hii. Akibakiza kruza, kruza hubaki hai kama mara 14 katika 100, na Mjerumani hupoteza angalau nyambizi moja zaidi mara 29 katika 100. Akibakiza distroya, distroya hubaki hai kama mara 8 tu, lakini Mjerumani hupoteza angalau nyambizi moja zaidi mara 47. Kwa hiyo hakuna jibu la siku zote. Kama una haja ya meli ibaki, bakiza kruza. Kama unataka Mjerumani alipe, bakiza distroya. Kwa Mwingereza anayepigania Atlantiki mapema kwenye mchezo, mimi ningebakiza distroya, kwa sababu kila nyambizi iliyozama ni meli moja pungufu ya kuwinda uchukuzi wake zamu ijayo.

Ndege na nyambizi hazionani

Bila distroya ya upande wake, ndege haiwezi kuipiga nyambizi. Nyambizi nayo haiwezi kuipiga ndege kamwe, distroya iwepo isiwepo. Ndege za kivita 3 zikikuta nyambizi peke yake na hakuna distroya, hakuna wa kumwumiza mwenzake. Vita vimekwisha kabla ya kuanza.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kurusha dadu zote kwa mkupuo. Ukishambulia kwa ndege 2 na kruza 1, na mlinzi ana kruza 1 na nyambizi 1, rusha dadu za ndege mbali na dadu ya kruza yako. Pigo la ndege haliwezi kuwekwa kwenye nyambizi. Lazima liangukie kruza ya mlinzi. Pigo la kruza yako laweza kuangukia yoyote. Ukizichanganya, mlinzi mjanja ataweka pigo la ndege kwenye nyambizi ya bei ndogo na kuokoa kruza. Dadu za rangi tatu zinamaliza ubishi: moja ya nyambizi, moja ya ndege, moja ya zilizobaki.

Hii pia inampa mshambuliaji sababu ya kuitunza distroya yake. Unapowinda nyambizi kwa ndege nyingi na distroya moja, distroya ile ndiyo macho ya ndege zako. Ikipigwa na nyambizi, huwezi hata kutoa ndege badala yake, maana nyambizi haipigi ndege. Raundi inayofuata ndege zako ni vipofu, na nyambizi zinazamia. Kwa kazi hiyo peleka distroya mbili, au peleka na kruza ya kupokea pigo.

Ndege ya kivita ina hatua 4 na ya mabomu 6, na hizo ni za kwenda na kurudi. Kwenye mwendo wa vita lazima uweze kuonyesha mahali ambapo kila ndege inaweza kutua, hata kama ni kwenye meli ya kubeba ndege itakayosogea baadaye. Meli hiyo hubeba ndege 2 za kivita, si 3.

Kuteremsha jeshi mbele ya nyambizi

Hali hii huwagawa hata wazoefu. Unataka kuteremsha jeshi pwani, na kwenye eneo la bahari la kuteremkia kuna nyambizi ya adui peke yake. Unaruhusiwa kuipuuza, lakini kwa sharti: angalau manowari yako moja imalize mwendo wake wa vita katika eneo hilo pamoja na meli za uchukuzi. Uchukuzi peke yake hauwezi kuteremsha shambulio mbele ya nyambizi.

Je, uipuuze au uipige? Hapa bei ni mabomu ya kutoka baharini. Kruza na manowari kubwa hupiga pwani kabla ya vita vya nchi kavu, lakini iwapo tu hapakuwa na vita vya baharini katika eneo hilo, na idadi ya meli zinazopiga haizidi idadi ya kete za nchi kavu zilizoteremshwa kutoka melini. Ukiamua kuipiga nyambizi, umefanya vita vya baharini, na mizinga yako ya meli imenyamaza kwa zamu hiyo. Nyambizi inaweza hata kuzamia kama hukuja na distroya, ukawa umepoteza mabomu bure. Kama una manowari kubwa inayopiga kwa 4, mara nyingi ni afadhali kuipuuza nyambizi ile, kuteremsha, na kuacha distroya pamoja na uchukuzi ili zamu ya adui isigeuke karamu.

Karamu, maana meli ya uchukuzi haina ulinzi wowote. Hairushi dadu, na haiwezi kuchaguliwa kupokea pigo mpaka manowari zote ziwe zimekwisha. Zikibaki za uchukuzi tupu mbele ya mshambuliaji anayeweza kuzipiga, zote huzama pamoja na mizigo yake. Nyambizi moja ya IPC 6 yaweza kufuta uchukuzi tano za IPC 7 kila moja, zilizoachwa bila mlinzi.

Katika hili mchezo umekwenda mbali na historia. Baharini meli ya askari ndiyo iliyolengwa kwanza. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na watu wapatao 1,500, karibu 1,000 kati yao wakiwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Msafara ulilindwa na kruza Hawkins na distroya mbili, Petard na Paladin. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa torpedo, na meli hiyo ikazama kwa dakika chache. Karibu watu 1,300 walikufa. Distroya zile ziliiwinda I-27 na kuizamisha, ila baada ya pigo. Mezani, distroya mbili zingeondoa kabisa kushtukiza, na meli ya askari ingekuwa ya mwisho kuguswa. Sheria hii ni ya mezani tu. Anayetafuta ukweli wa Bahari ya Hindi hataukuta hapo.

Kwa nini sheria za mjomba wako ni tofauti

Mchezo huu wa Larry Harris ulitoka mara ya kwanza 1981, ukasambaa sana baada ya Milton Bradley kuuchapisha 1984. Toleo hilo halikuwa na distroya kabisa. Distroya iliingia kwenye toleo kuu la 2004, lakini humo ndege zilipiga nyambizi bila kuhitaji msaada, na meli ya uchukuzi ilijilinda kwa 1, hivyo watu waliitumia kama ngao ya kupokea mapigo. Toleo la maadhimisho la 2008 ndilo lililogeuza yote mawili: ndege zikahitaji distroya, uchukuzi ukabaki bila ulinzi na kuwa wa mwisho kupigwa. Toleo la 2012 linafuata njia hiyo. Wachezaji wawili wanaweza kubishana kwa nia njema, kila mmoja akiwa sahihi kwa sanduku alilojifunzia.

Limebaki la kuondoka vitani. Mwisho wa raundi mshambuliaji anaweza kurudi nyuma, na meli zake zote zilizobaki hurudi pamoja kwenye eneo moja jirani ambako angalau moja ya meli zake zilizoshambulia ilitoka. Kuzamia ni jambo jingine: huamuliwa mwanzoni mwa raundi, nyambizi moja moja, na nyambizi hairudi popote. Inabaki palepale, chini ya meli za adui. Zamu ya adui ikifika na akaleta distroya pamoja na ndege, haitakuwa na uwezo wa kuzamia tena, na italinda kwa 1. Kabla ya kuzamia, hesabu distroya zilizo umbali wa maeneo mawili, pamoja na pesa alizo nazo adui ikiwa ana kiwanda pwani: distroya mpya huwekwa mwisho wa zamu hivyo haitakupiga zamu hiyo, lakini yaweza kuwekwa katika eneo lilelile ulimozamia.